Wiki Aliyolindwa Mwalimu Honoratha

"Ishirini na moja nukta nne!"

Muuguzi Leonida alisoma namba kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho, akakiweka kipimo mezani na kumtazama mgonjwa wake usoni. "Mwalimu Honoratha, umekula nini wewe?"

"Jana jioni mchicha na nusu samaki. Leo sijatia kitu mdomoni. Mlisema tuje bila kula, nimekuja bila kula."

"Mchicha!" Leonida akawageukia waliokuwa wakisubiri zamu. "Mmesikia? Sukari ishirini na moja kwa mchicha. Ninyi watu wa Bukoba! Ndizi unazificha wapi?"

Benchi zima likacheka. Walicheka zaidi wale ambao hawajapimwa, kwa kuwa fimbo ilikuwa bado iko mgongoni mwa mtu mwingine.

Honoratha hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwanamke wa mwili mkubwa, mwalimu wa darasa la nne pale Mbalibali. Vidonge vya sukari alikuwa akivimeza mwaka wa tatu sasa, asubuhi na jioni, na kila mara namba ilipopanda waliongeza kidonge kingine. Tangu Januari alikuwa amepungua kilo kumi na tisa. Walimu wenzake walimsifu kwamba amependeza. Yeye alijua hajapendeza. Alikuwa akiamka usiku mara tano kwenda chooni, na darasani ilimbidi aegemee ubao ili amalize kipindi.

"Sista," alisema, "nimesoma kwamba sukari ina aina zaidi ya moja. Kwa nini nisipimwe ijulikane yangu ni ipi?"

"Ile nyingine ni ya watoto, na ya watu waliokauka kama kuni. Wewe jitazame." Leonida aliandika mstari mmoja kwenye faili, akalifunga. "Vidonge haviwezi kushindana na mdomo, Mwalimu. Punguza mdomo. Anayefuata!"

Jumapili hiyo mumewe, Rabson, alileta wageni. Rabson alikuwa afisa mifugo wa kata, mwenyeji wa Nyangoto, na wageni wake walikuwa wenzake watatu wa kutoka wilayani waliokuja kwa ajili ya chanjo. Honoratha alipika wali, nyama ya mbuzi na mlenda. Wageni walipokwisha kupakuliwa, alijiwekea vijiko viwili vya wali. Kabla hajakaa vizuri, Rabson alinyoosha mkono akaivuta sahani upande wake.

"Huyu msimwone hivi," aliwaambia wageni huku akitabasamu. "Mkimwachia anamaliza sufuria. Halafu kliniki aibu ni yangu."

"Kumbe!" alisema mmoja wao, Selestine, mtu wa mizaha. "Ndiyo maana umekonda, mura, kijana wetu. Chakula kinaishia jikoni."

Wakacheka. Siku nyingine Honoratha angejifanya amesahau chumvi, akaenda jikoni akakaa huko hadi sauti zitulie. Siku hiyo aliketi palepale.

"Rabson," alisema, "ng'ombe wa mzee Nchagwa alipokonda mwezi uliopita, ulimwambia ameiba majani?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Nakuuliza. Ulimfanya nini?"

Rabson aliwatazama wenzake. "Nilimpima."

"Ulimtoa damu sikioni, ukaipeleka maabara, ujue kama ni ndigana kali au ndigana baridi. Kwa sababu dawa ya hii haitibu ile. Ulinieleza mwenyewe."

"Sasa unajifananisha na ng'ombe mbele ya wageni?"

"Ningefananishwa na ng'ombe ningeshukuru. Yeye amepimwa."

Selestine aliacha kutafuna. Honoratha akaivuta sahani yake, akala vile vijiko viwili polepole mpaka vikaisha, akawaambia wageni wakaribie mlenda.

Walipoondoka, Rabson alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono. "Umenivua nguo leo."

"Wewe umenivua mara ngapi?"

"Mwanamke, sukari haipandi kwa hewa! Namba ile inatoka mahali. Nitamwita mama aje akulinde, tuone."

Alitegemea mkewe angelia. Honoratha alijibu upesi, kana kwamba alikuwa akilingoja neno hilo.

"Mwite. Anilinde siku saba, mchana na usiku. Nitanunua kipimo changu mwenyewe Mugumu, na kila asubuhi mama ataona namba. Nikikamatwa nakula kwa siri, niite mwizi mpaka kufa kwangu. Lakini nisipokula na namba isishuke, tunakwenda Tarime kwa daktari wa sukari, nipimwe ni aina gani. Na wewe unakuja."

"Nakubali," alisema Rabson, maana hakuwa na shaka yoyote kwamba atashinda.

Mokami, mama yake Rabson, alifika Jumatatu kutoka Nyangoto akiwa na mfuko mmoja wa nguo na fimbo. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sabini na kidogo, ndewe za masikio yake zimerefuka kwa mapambo ya ujana wake. Honoratha alipiga magoti kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeambiwa una mkono mrefu wa kwenye sufuria."

"Ndivyo wanavyosema."

"Mimi nimelinda zizi miaka ile ng'ombe wanaibwa kila mwezi. Mdomo mmoja hautanishinda." Akaingia jikoni, akatoa kopo la sukari, mkungu wa ndizi mbivu na asali, akavifungia kwenye kabati. Ufunguo akauning'iniza shingoni.

Alilinda kwelikweli. Alilala chumba kimoja na mkwewe, na Rabson akahamia kwenye kochi sebuleni. Honoratha alipokwenda chooni, Mokami alisimama nje. Aliporudi, aliambiwa, "Fungua kinywa," naye akafungua, mwalimu mzima, akageuza ulimi juu na chini kama mtoto anayekaguliwa meno. Alipokwenda shule, Mokami alikwenda naye. Mwalimu mkuu, Filemoni, alidhani ni mzaha, lakini bibi huyo alikwisha kuketi kwenye dawati la nyuma la darasa la nne, magoti yakigonga ubao wa dawati, fimbo mapajani.

"Shikamoo bibi!" watoto waliimba.

"Marahaba. Someni. Msinitazame mimi."

Wakati wa mapumziko walimu walimnong'oneza Honoratha kwamba hayo ni mateso, angekataa. Aliwajibu kwa sauti ambayo Mokami aliisikia, "Nimeyaomba mwenyewe. Nataka shahidi ambaye hanipendi."

Jumanne asubuhi namba ilikuwa kumi na tisa. Jumatano ishirini na mbili. Mokami alipekua kitanda, mkoba, hata kasha la chaki. Alhamisi ikawa ishirini na tatu, na bibi akakishika kile kipimo, akakigeuza huku na huku.

"Kibovu hiki."

"Labda, mama. Jipime na wewe."

"Mimi? Mimi nimekunywa chai ya vijiko vitatu alfajiri, na kiporo cha ugali."

"Ndiyo maana nasema ujipime."

Mokami alitoa kidole akiangalia pembeni. Kipimo kikalia. Honoratha akamsomea: sita nukta moja.

Bibi alikirudisha kipimo mezani. Halafu akamwita mwanawe aliyekuwa akivaa viatu sebuleni, akamwamuru alete kidole. Rabson alikuwa tano nukta tatu.

"Labda kile cha kliniki ndicho kizuri, hiki cha dukani..." alianza Rabson.

"Ni kibovu kwa mke wako tu?" aliuliza Mokami. "Kwako kizima, kwangu kizima, kikifika kwake kinaharibika?"

Rabson alichukua funguo za pikipiki akaondoka bila kunywa chai.

Siku hiyo hiyo, baada ya vipindi, Honoratha alikuwa akinyoosha sketi yake ya shule juu ya meza. Mokami aliona kiuno cha sketi kimekunjwa mara mbili na kubanwa kwa pini nne.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, mama. Mwaka jana ilikuwa ikinibana."

Mokami aliishika ile mikunjo, akaipima kwa vidole vyake. Kwa siku nne alikuwa amemtazama mwanamke huyu mdomoni. Sasa alimtazama mzima mzima: mashimo ya shingoni, ngozi ya mikono iliyolegea, midomo iliyopasuka ingawa maji alikunywa ndoo.

"Mimi nilidhani umenenepa kwa kula ng'ombe wa mwanangu," alisema. "Kumbe unaisha."

"Ninaisha, mama. Na wanaona ninapendeza."

Ijumaa Honoratha alitapika kabla ya kwenda shule, na hakuwa amekula kitu cha kutapika. Mokami aliutoa ufunguo shingoni, akauweka mezani.

"Hatungoji siku ya saba. Tunakwenda leo."

"Nina chanjo leo na kesho," alisema Rabson. "Wiki ijayo nitapanga. Na hicho kipimo cha kujua aina nimeuliza, ni cha kulipa mfukoni. Laki na themanini, kujua jina la ugonjwa ambao jina lake tunalijua!"

"Mshahara wangu utalipa," alisema Honoratha. "Wewe sijakuomba shilingi. Nilikuomba uje, ukakubali."

Rabson aliinamia viatu vyake. Wanawake wawili wakaondoka bila yeye.

Kituo cha afya kilipaswa kutoa barua ya rufaa. Leonida, bila kuinua kichwa, alinakili maelezo kutoka kwenye faili, akagonga muhuri na kumnyooshea Honoratha barua. Aliisoma akiwa amesimama palepale mezani.

"Inasemaje?" Mokami aliuliza. "Soma nisikie."

"Inasema, 'Mgonjwa hafuati masharti ya chakula. Anakula kwa siri.'"

Mokami akasogea hadi mezani, akaweka fimbo juu ya mafaili.

"Binti, aliyemwona akila kwa siri ni nani? Wewe?"

"Mama, sukari yenyewe ndiyo inayoonyesha."

"Mimi nimelala naye. Nimesimama nje ya choo chake. Nimemchungulia mdomoni mpaka najua meno yake yaliyotoboka. Nimekaa darasani kwake nimejifunza hesabu za sehemu uzeeni. Hakula. Sasa wewe, uliyemwona robo saa kwa mwezi, umeandika anakula. Umemwona wapi?"

"Mama, nina wagonjwa arobaini na mimi ni mmoja," Leonida alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kufika benchi la mwisho. "Vipimo vikiisha vinaisha. Tulifundishwa kwamba mtu mzima mwenye mwili, vidonge vikishindwa, tatizo ni chakula. Sikumchukia Mwalimu."

"Sijasema umenichukia," alisema Honoratha. "Nasema barua hii siibebi. Daktari akiisoma, ataniona mwongo kabla hajaniona mimi. Andika ulichokiona. Ulichokidhania kiache."

Waligombana kidogo kuhusu muhuri na karatasi kupotea bure. Mwishowe Leonida aliichana ile barua, akachukua nyingine. Aliandika kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akamgeuzia Honoratha aisome: mgonjwa amesimamiwa chakula chake siku nne, sukari haijashuka, amepungua kilo kumi na tisa, anatapika, tafadhali achunguzwe aina ya kisukari. Akatia sahihi yake kamili.

"Mwambie daktari anipigie kama ana swali," alisema. "Namba yangu iko chini."

Daktari Masele, Msukuma kijana aliyekuwa na kliniki ya sukari mjini Tarime, alisoma barua, akamtazama Honoratha, akaisoma tena.

"Kwa mwili wako, Mwalimu, kwa kweli mtu asingefikiria..."

"Mwili wangu una nini, daktari?"

Masele akaiweka barua chini. "Samahani," alisema. "Nimeanza vibaya. Tuanze na mkojo."

Mkojo ulipopimwa alirudi akitembea haraka. Mwili wa Honoratha, alisema, ulikuwa unajila wenyewe kwa kukosa insulini, na mabaki ya mafuta yaliyounguzwa yalikuwa yamejaa kwenye mkojo. Wiki moja zaidi, pengine angeletwa akiwa hajitambui.

"Nieleze kwa lugha ya darasa la nne," alisema Honoratha. "Na mama aelewe."

Daktari akavuta kiti. "Mama, insulini ni kama ufunguo unaofungulia sukari iingie mwilini ifanye kazi. Watu wazima wengi wenye sukari, ufunguo wanao, ila kufuli limekuwa gumu. Hao vidonge vinawasaidia. Wengine kiwanda cha funguo kimebomolewa na kinga ya mwili yenyewe. Hao vidonge haviwasaidii hata wameze debe zima. Aina hii tumezoea kuiona kwa watoto. Lakini humpata hata mtu mzima, mnene au mwembamba, na kwa mtu mzima kiwanda kinaweza kubomoka polepole, miaka kadhaa. Ndiyo maana tunakosea."

"Na huyu ni wa kufuli au wa kiwanda?"

"Nahisi ni wa kiwanda. Lakini sitaki kuhisi. Nitachukua damu, iende Mwanza. Watatafuta askari wanaoshambulia kiwanda, na watapima kama kiwanda bado kinatoa kitu. Majibu wiki mbili. Insulini anaanza leo, hiyo haingoji."

"Mura," alisema Mokami, "toa damu ya kutosha. Isije ikasemekana ilikuwa kidogo."

Honoratha alilazwa siku tatu. Siku ya pili asubuhi namba ilikuwa kumi na moja. Ya tatu ilikuwa nane. Alipoisikia alifunika uso kwa khanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu yote haya yaanze. Mokami aliketi kitandani kando yake. Hakumnyamazisha.

Majibu yalipofika, Honoratha alimpigia simu mumewe aliyekuwa kazini. "Sharti lilikuwa uje. Ukitaka kujua, njoo. Usipokuja, sitakusimulia."

Rabson alikuja. Aliketi kwenye ofisi ya Daktari Masele akiwa na buti zenye tope la zizini. Daktari alisoma karatasi polepole: askari wa kushambulia kiwanda walikuwepo kwa wingi, na insulini aliyokuwa akitoa mwenyewe ilikuwa karibu kwisha. Ilikuwa kisukari aina ya kwanza, kilichoanzia ukubwani. Atahitaji sindano kila siku, maisha yake yote.

Rabson alipumua kwa nguvu. "Kwa hiyo hakuwa anakula."

Honoratha akamgeukia. "Hilo ndilo ulilosikia? Nimeambiwa nitajichoma sindano mpaka nife, na wewe umesikia kwamba sikuiba wali?"

Rabson akaitazama mikono yake. "Daktari, nionyeshe namna ya kumchoma. Mimi kazi yangu ni sindano, nimechoma ng'ombe maelfu. Nitamchoma mwenyewe kila asubuhi."

"Hapana," alisema Honoratha. "Najichoma mwenyewe. Nimeshajifunza."

"Basi nifanye nini, mke wangu? Niambie. Nilikosea, nakiri."

"Unakiri hapa, mlango umefungwa. Uliponisema palikuwa na wageni watatu. Toa simu."

Walitoka uani, karibu na bomba la maji, ambapo ndugu za wagonjwa walikuwa wakifua. Rabson alimtafuta Selestine kwenye simu. Honoratha akanyoosha kidole, akabonyeza sauti itoke nje.

"Mura!" sauti ya Selestine ikalia. "Habari za kupotea?"

"Nzuri. Sikiliza. Ile Jumapili nyumbani... nilisema mke wangu anamaliza sufuria."

"Ehe."

"Nilisema uongo. Alikuwa mgonjwa. Vidonge tulivyompa vilikuwa vya ugonjwa mwingine, na mimi nikamwita mlafi mbele yenu. Nimekupigia ujue."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua aliacha kusugua. "Aisee," alisema Selestine, na mzaha ulikuwa umemtoka. "Mpe pole shemeji. Mwambie na mimi nilicheka."

Simu ikakatika. Rabson alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Bado wawili," alisema Honoratha.

Jumatatu alirudi shuleni. Chupa ya insulini aliihifadhi kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, kama alivyoelekezwa, na akakiweka kwenye kona yenye kivuli ya ofisi ya walimu. Saa sita na nusu, chakula kilipoletwa, alijipima, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akapandisha blauzi kidogo ubavuni.

Mwalimu Filemoni alikohoa. "Mwalimu, samahani. Pale stoo kuna nafasi. Ungekuwa unakwenda kule, kwa faragha yako."

"Kule kuna panya na mahindi ya shule, mkuu. Sindano inataka mahali safi."

"Ni watoto nawafikiria. Wakiona sindano wataenda kusema nini nyumbani?"

"Watasema mwalimu wao anatumia dawa."

Walimu wengine waliinamia sahani zao. Wakati huohuo mlango ukasukumwa, akaingia msichana wa darasa la nne, Rahabu, akiwa amebeba madaftari hadi kidevuni. Aliiona ile sindano, akasimama. Filemoni alimfanyia ishara atoke, lakini Honoratha akatikisa kichwa.

"Mwache, mkuu. Ingia, Rahabu."

Alibana ngozi, akachoma, akasukuma dawa, akahesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mtoto alitazama mpaka mwisho.

"Inauma, Mwalimu?"

"Kidogo."

"Utapona lini?"

Honoratha aliifunika sindano. "Sitapona. Nitaishi nayo, na nitakuwa najichoma sindano hapa kila mchana. Ukiwa na swali jingine uliza, na wenzako waambie waulize. Lakini wasikuulize wewe, waje kwangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Weka madaftari hapo. Waambie wafungue ukurasa wa thelathini na mbili, nakuja."

Akaosha mikono, akavuta sahani yake ya ugali na dagaa katikati ya meza, mbele ya wote, akala.